Ushanga wa akiki wa kale: tunajuaje jiwe lilitoka wapi na nani alilitoboa?

Mdadisi wa Kale

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wale wanaoifahamu akiolojia ya vito kwa undani. Kila ninaposoma habari za Makaburi ya Kifalme ya Ur, kusini mwa Iraki, mahali ambapo Leonard Woolley alichimba kuanzia mwaka 1922 hadi 1934, nakutana na kauli ileile: akiki nyekundu iliyotungwa katika mapambo ya Malkia Puabi, aliyezikwa yapata mwaka 2500 KK, ilitoka Bonde la Mto Indus, katika Pakistan na India ya leo, na lapisi lazuli, jiwe la buluu lililokuwa pamoja nayo, ilitoka milima ya Badakhshan, Afuganistani. Kauli hiyo hutolewa kwa uhakika mkubwa, ilhali maelezo ya namna uhakika huo ulivyopatikana huwa ya mistari miwili mitatu, au hayapo kabisa.

Kinachonitatiza ni kwamba akiki hupatikana katika nchi nyingi za dunia. Rangi yake nyekundu haiwezi kuwa ushahidi wa kutosha, kwa kuwa fundi aliweza kuizidisha kwa moto, na umbo la ushanga nalo laweza kuigwa na mtu yeyote mwenye ustadi. Hata tukikubali kwamba jiwe lilisafiri, tunajuaje kama lilisafiri likiwa ghafi, au likiwa ushanga uliokamilika, au kama aliyesafiri ni fundi mwenyewe akiwa na zana zake? Nauliza pia kama ni haki kuliita jambo hili biashara kila mara jiwe linapokutwa mbali na machimbo yake, kwa sababu vitu vya thamani husafiri vilevile kwa mahari, kwa zawadi, kwa kodi na kwa nyara za vita. Nitashukuru kwa majibu yenye mifano, hata kama ni marefu.

Fundi wa Keekee

Ndugu Mdadisi, umeuliza jambo ambalo hata vitabu vizuri hulipita haraka, nami nitajibu sehemu ninayoifahamu, yaani kazi yenyewe ya mikono. Anayetaka kujua ushanga wa jiwe ulitoka katika karakana ya namna gani hana budi kuanza na tundu lake, lililotobolewa kwa keekee, yaani zana ya kuzungusha ncha ndani ya jiwe. Uso wa ushanga ulisuguliwa, ukang'arishwa, kisha ukavaliwa kwa miaka mingi, pengine kwa vizazi kadhaa, hivyo alama nyingi za fundi zimefutika. Ndani ya tundu mikwaruzo ya keekee hubaki karibu kama ilivyoachwa siku ya kazi, isipokuwa midomoni, ambako uzi umelainisha kingo.

Fikiria kwanza ugumu wa jiwe lenyewe. Akiki ni jamii ya kwatzi, na katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo ya juu kabisa ikiwa na 10, akiki hukaribia 7. Shaba haiwezi kuikwaruza, wala bronzi. Fundi wa Bonde la Indus wa mwaka 2500 KK hakuwa na ncha ya almasi, na bado alitoboa shanga nyembamba za akiki zenye urefu wa hadi sentimita 12, akianza upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka matundu mawili yakakutana katikati. Namna alivyoweza ilianza kufahamika kutokana na Chanhu-daro, katika jimbo la Sindh, ambako Ernest Mackay alichimba mwaka 1935 na 1936. Humo alikuta karakana zenye mawe ya kila hatua ya kazi: ghafi, yaliyopasuliwa, yaliyochongwa lakini hayajatobolewa, yaliyovunjika wakati wa kutobolewa, na pamoja nayo ncha ndogo za keekee zilizotengenezwa kwa mwamba usio wa kawaida. Kichwa cha ncha hizo ni kipana kidogo kuliko kiuno chake, na penye kilele cha kichwa kuna kibonde chenye kina kidogo sana. Miongo kadhaa baadaye Jonathan Mark Kenoyer na Massimo Vidale waliuchunguza mwamba huo, wakaona kuwa umejaa kwatzi na madini mengine magumu, na wakaupa jina la ernestaiti kwa heshima ya Mackay. Umbo lile lina sababu yake: kichwa peke yake ndicho kinachogusa jiwe, huku maji na unga wa mwamba vikipata nafasi ya kutokea kandokando ya kiuno.

Kenoyer alifanya majaribio ya kutoboa akiki kwa ernestaiti na keekee ya upinde, akapata mwendo wa takriban milimita 2.5 kwa saa. Kwa mwendo huo, ushanga wa sentimita 12 unadai saa 48 za kuzungusha upinde tu, kabla ya kuhesabu uchongaji, uchomaji, usuguaji na ung'arishaji, na kabla ya kuhesabu shanga zilizopasuka zikiwa karibu kumalizika. Huko Allahdino, karibu na Karachi, ulipatikana ukanda wenye shanga ndefu 36 za akiki, na makadirio ya wataalamu ni kwamba ukanda huo mmoja ulihitaji zaidi ya mwaka mzima wa kazi. Nayataja haya kwa sababu muda ni ushahidi. Jamii isiyo na mafundi wanaolishwa na wengine kwa mwaka mzima, na isiyo na njia ya uhakika ya kupata mwamba wa kutengenezea ncha, haiwezi kuiga shanga hizo kwa kuziona tu. Umbo la nje laweza kuigwa, kama ulivyosema, lakini urefu wa tundu na wembamba wake haviigiki kirahisi.

Sasa, mtaalamu husomaje ndani ya tundu lenye upana wa milimita chache? Njia ilitoka kwa watu wa meno. Leonard Gorelick, daktari wa meno, na John Gwinnett, profesa wa masuala ya kinywa, walichukua silikoni ile inayotumika kunakili umbo la meno ya mgonjwa, wakaidunga ndani ya matundu ya shanga na mihuri ya kale, wakaivuta ilipoganda, kisha wakaitazama chini ya hadubini ya elektroni. Nakala hiyo huonyesha kila mkwaruzo. Ncha ya gumegume huacha tundu linalopungua kadiri linavyoingia ndani, lenye kuta zisizo sawa. Ernestaiti huacha tundu la mviringo ulionyooka, lenye kuta laini zinazong'aa, na mara nyingi lenye ngazi ndogo pale fundi alipobadilisha ncha iliyochakaa na kuweka nyembamba zaidi. Almasi, iliyokuja baadaye sana, huacha mifereji ya duara iliyo wazi na inayofuatana kwa mpangilio. (Watoboaji wa mawe na meno walikutana mapema kuliko tunavyodhani: katika makaburi ya Mehrgarh, Pakistan, ya kati ya miaka 9,000 na 7,500 iliyopita, yalipatikana magego 11 ya watu wazima 9 yaliyotobolewa wakati wenyewe wakiwa hai, na waliochapisha habari hizo mwaka 2006 walihusisha ustadi huo na ule wa mafundi wa shanga wa mahali hapo.)

Kwa hiyo nikijibu kuhusu Ur: baadhi ya shanga za akiki kutoka makaburi yale zina matundu yenye sifa za ernestaiti, na ncha za ernestaiti tunazijua kutoka miji ya Indus kama Harappa, Mohenjo-daro, Chanhu-daro na Dholavira. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba miongoni mwa shanga hizo zimo zenye maumbo ambayo watu wa Indus wenyewe hawakuyapenda, maumbo yaliyofuata ladha ya Mesopotamia, yaani nchi ya Ur na miji jirani yake. Ama mafundi wa Indus walipokea oda kutoka ng'ambo, ama baadhi yao walihamia Ur wakafanya kazi huko wakitumia ncha walizotoka nazo kwao. Kenoyer ameandika juu ya uwezekano huu, nami naona uwezekano wa pili una nguvu, kwa sababu oda ya umbo lisilozoeleka ni rahisi kuielewa fundi akiwa jirani na mteja.

Kuhusu moto, ni kweli rangi haitoshi kuwa ushahidi. Chuma kilichomo ndani ya akiki ya manjano au ya kahawia hubadilika kwa joto na kuwa chekundu. Khambhat, katika jimbo la Gujarat, India, kazi hii imeendelea hadi zama zetu, na wanaakiolojia wamekwenda huko kujifunza kwa mafundi walio hai. Mawe huanikwa juani kwa muda mrefu ili unyevu utoke, kisha hupangwa ndani ya vyungu na kuchomwa polepole kwa samadi au unga wa mbao, kwa kuwa moto wa haraka huyapasua. Baada ya hapo mchongaji huketi mbele ya kijiti cha chuma kilichosimikwa ardhini kwa mshazari, huegemeza jiwe kwenye ncha ya kijiti hicho, na kuligonga kutoka upande wa pili kwa nyundo nyepesi yenye kichwa cha pembe. Kibanzi hutoka pale jiwe linapogusana na kijiti, si pale nyundo inapotua. Valentine Roux na wenzake waliwapima mafundi hawa wakiwa kazini na kuonyesha kuwa mkono wa aliyebobea hutofautiana na wa anayejua kiasi hata katika namna pigo linavyoharakishwa. Tofauti hiyo huonekana katika vibanzi vinavyobaki sakafuni, ndiyo maana mimi nikisoma ripoti ya uchimbaji nafungua kwanza sura ya takataka za karakana kabla ya picha za vidani.

Niongeze jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Vumbi la akiki ni silika, na wasagaji wa Khambhat wameugua na kufa kwa ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vumbi hilo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mapafu ya watu wa Chanhu-daro yalikuwa na kinga, ingawa maji yanayotumika katika kutoboa hupunguza vumbi kuliko kusugua kukiwa kukavu.

Mkemia wa Miamba

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila napenda kuweka mpaka ulio wazi. Tundu linatuambia zana iliyotumika na mkono ulioishika. Halituambii jiwe lilichimbwa wapi. Fundi wa Indus aliyehamia Ur angeweza kutoboa jiwe lililotoka Iran, na tundu lingekuwa lilelile. Asili ya jiwe ni swali la kijiolojia na lina njia zake.

Lapisi lazuli ni rahisi kidogo kwa sababu mazingira yanayoizaa ni adimu. Ni mwamba wa buluu uliochanganyika na kalsaiti nyeupe na punje za pairiti zinazometa, na machimbo yanayojulikana kutumika tangu zama za kale ni ya Sar-i Sang, katika bonde la mto Kokcha, Badakhshan. Kuna lapisi lazuli pia huko Pamir na karibu na Ziwa Baikal, Siberia, kwa hiyo kauli ya Badakhshan nayo inapaswa kupimwa, lakini orodha ya watuhumiwa ni fupi.

Akiki ni kinyume chake. Inaundwa pale maji yenye silika yanapojaza mapovu na nyufa ndani ya lava iliyoganda, na lava iko kila bara. India ya magharibi ina lava nyingi sana, zile za Dekani, na mito imezoa mawe yake hadi maeneo kama Ratanpur, Gujarat, ambako yamekuwa yakichimbwa kwa karne nyingi. Lakini kikemia akiki ni silika karibu tupu, na kinachoweza kutofautisha chimbo moja na jingine ni elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno. Kuna njia mbili ambazo zimetumika zaidi. Ya kwanza ni kulipiga jiwe kwa nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia na kupima mionzi ambayo jiwe hutoa baadaye. Randall Law aliitumia katika utafiti wake mpana wa miamba na madini ya Harappa. Ya pili ni kung'oa chembe ndogo kwa leza na kuzipeleka kwenye spektromita ya masi, chombo kinachozitenganisha elementi kwa uzito wake, na kovu linalobaki ni dogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona kwa urahisi, jambo linalowatuliza wenye kuhifadhi.

Tatizo liko hapa. Jiwe moja la akiki lina matabaka, na tabaka la nje laweza kuwa na kiasi cha chuma, aluminiamu au uraniamu kilicho tofauti na tabaka la ndani. Ukipima nukta moja kwenye ushanga na nukta moja kwenye jiwe la machimbo, umepima matabaka tu. Zaidi ya hayo, hesabu za kitakwimu huuweka ushanga karibu na chimbo linalofanana nao zaidi miongoni mwa machimbo uliyoyaingiza katika orodha. Kama chimbo la kweli halimo, hesabu hazitalalamika. Zitakupa jina la chimbo jingine. Mtafiti mwenye sampuli za Gujarat pekee atapata Gujarat kila mara.

Jambo hili si la nadharia tu. Kwa muda mrefu shanga za akiki za Enzi ya Chuma zilizopatikana Kusini-Mashariki mwa Asia zilichukuliwa moja kwa moja kuwa za India, na zikatumika kama uthibitisho wa ushawishi wa India katika eneo lile. Mwaka 2000 Theunissen, Grave na Bailey walipima kemia ya shanga hizo na kutilia shaka dhana hiyo, wakionyesha kwamba mawe ya eneo lenyewe hayakupaswa kusahauliwa. Hali ni hiyohiyo Afrika Magharibi. Huko Igbo-Ukwu, Nigeria, Thurstan Shaw alifukua shanga zaidi ya 165,000, nyingi zikiwa za kioo na nyingine za akiki, na mjadala wa chanzo cha akiki ile uliendelea kwa miongo mingi kati ya waliotazama Bahari ya Hindi na waliotazama Sahara. Mwaka 2004 Timothy Insoll na wenzake walilinganisha kwa leza akiki ya Gujarat na ya Afrika Magharibi, na thamani ya kazi yao, kwa maoni yangu, ni kule kukubali kwamba Afrika Magharibi nayo ina akiki yake na lazima iwekwe kwenye mizani. Wazo kwamba kitu kizuri kilichokutwa Afrika lazima kiwe kimeletwa limedumu kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyelipima, wala si kwa wingi wa ushahidi.

Mdadisi wa Kale

Nawashukuru sana nyote wawili; sasa naelewa kwamba nilikuwa naunganisha maswali mawili, la jiwe na la fundi, ambayo kila moja lina ushahidi wake. Limebaki lile la biashara. Je, kuna mahali ambapo tunaweza kusema bila kusita kwamba hapa palikuwa na wafanyabiashara, wala si zawadi za wafalme tu? Na je, mawe yalisafiri yakiwa ghafi au yakiwa yamekamilika?

Mhifadhi wa Mapambo

Ndugu Mdadisi, nimefanya kazi na mikusanyo ya mapambo ya kale, na swali lako la mwisho ndilo ninalopambana nalo kila ninapoandika maelezo ya kabati la maonyesho. Neno biashara linahitaji kuthibitishwa kwa vitu vingine mbali na mapambo yenyewe: mizani, mihuri, maandishi na maghala. Kwa bahati njema, kati ya Indus na Mesopotamia vitu hivyo vipo.

Mawe ya kupimia ya Indus, ya umbo la mchemraba na yaliyochongwa kwa uangalifu mkubwa kufuata kipimo cha takriban gramu 13.7 na vigawanyo vyake, yamepatikana Bahrain, katika nchi ya kale ya Dilmun. Watu hawabebi mawe ya mizani kupeleka zawadi. Mihuri ya mtindo wa Indus imepatikana Ur. Maandishi ya kikabari, yaani yale ya Mesopotamia yaliyochapwa kwenye udongo, yanaitaja nchi ya Meluhha, ambayo wengi wetu tunaielewa kuwa ni Indus. Sargoni, mfalme wa Akkad huko Mesopotamia, alijisifu kwamba meli za Meluhha, Dilmun na nchi nyingine iitwayo Magan zilifunga gati mjini kwake, na Gudea, mtawala wa mji wa Lagash, aliitaja akiki iliyotoka Meluhha. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni muhuri mdogo uliopo katika makumbusho ya Louvre, wa mtu aitwaye Shu-ilishu, ambaye kazi yake imeandikwa humo: mkalimani wa lugha ya Meluhha. Pale ambapo mtu anaishi kwa kutafsiri lugha ya wageni, na anajivunia kiasi cha kuichonga kazi hiyo kwenye jiwe, wageni hao walikuwa wakija mara kwa mara, tena kwa shughuli zilizohitaji maelewano ya kina.

Kuhusu jiwe ghafi au lililokamilika, jibu hutofautiana kwa kila jiwe na kila njia. Shahr-i Sokhta, mashariki mwa Iran, ambako Maurizio Tosi alianza kuchimba mwaka 1967, kulikuwa na karakana za lapisi lazuli. Sakafu zilijaa vibanzi, ncha za gumegume na mabonge yaliyokuwa bado na maganda ya kalsaiti, huku shanga zilizokamilika zikiwa chache. Tosi na mwenzake Marcello Piperno walieleza kwamba mji ule ulikuwa kituo cha kati: mawe yalishuka kutoka milimani yakiwa na uchafu wake, yakasafishwa hapo, na sehemu nzuri ikaendelea na safari kuelekea magharibi. Ni hesabu ya busara, kwa sababu hakuna anayetaka kumlipa mbebaji kwa kalsaiti isiyo na thamani.

Mfano mwingine, ulio mbali na Indus lakini ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu, ni wa jedi ya kijani ya Fengtian, mashariki mwa Taiwan. Jiwe hilo lina punje za madini ya kromaiti zenye zinki nyingi, alama ambayo ni nadra kuikuta katika jedi ya mahali pengine, na hadubini yenye kipima-elementi huitambua bila kuliharibu pambo. Mwaka 2007 Hung Hsiao-chun na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba hereni za jedi zilizovaliwa Ufilipino, Vietnam, Thailand na Borneo takriban kati ya mwaka 500 KK na 500 BK zilitengenezwa kwa jiwe la Taiwan, katika eneo lenye upana wa karibu kilomita 3,000. Maumbo yake yanafanana mno, lakini vipande vilivyokatwa na mabaki ya kazi vimepatikana nje ya Taiwan, kwa mfano Anaro, katika visiwa vya Batanes kaskazini mwa Ufilipino. Kwa hiyo jiwe lilivuka bahari likiwa ghafi na likachongwa ng'ambo, na kufanana kwa hereni kunaeleweka vizuri zaidi tukikubali kwamba mafundi wachache wenye ujuzi mmoja walikuwa wakisafiri kutoka pwani hadi pwani. Hapo ndugu Mdadisi unaona aina mbili kati ya zile tatu ulizozitaja mwanzoni: jiwe ghafi na fundi msafiri.

Naomba pia tusifungwe na makaburi ya kifalme. Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, nchini Kenya, kuna eneo la Lothagam Kaskazini, lililojengwa na wafugaji wa kwanza wa huko kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita kwa jukwaa la mawe na nguzo. Elisabeth Hildebrand na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2018, walikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa humo, wanawake, wanaume, wazee na watoto wachanga, na karibu kila aliyefukuliwa alikuwa na mapambo yake, yakiwemo ya mawe ya rangi mbalimbali. Hakuna dalili kwamba wachache walirundikiwa na wengine wakanyimwa. Tukizoea kusoma kila ushanga wa jiwe kama alama ya cheo, tutashindwa kuwasoma watu wa Lothagam.

Fundi wa Keekee

Nashukuru kwa mfano wa Lothagam, na nitauongezea upande wa pili. Harappa, ambako akiki ndefu ilikuwa ya wachache, walitengeneza pia shanga za udongo za umbo lilelile refu na kuzipaka rangi nyekundu. Misri nako, fayansi, ambayo ni unga wa kwatzi uliofinyangwa na kuchomwa hadi ukapata ngozi ya kioo ya buluu au kijani, ilichukua nafasi ya feruzi na lapisi lazuli shingoni mwa watu wengi. Mahali penye nakala za bei nafuu za jiwe fulani pana watu walioliona jiwe hilo, wakalitaka na wasiweze kulipata. Huo ni ushahidi wa thamani ambao tundu halitoi, wala leza.

Ndiyo maana namshauri ndugu Mdadisi, anaposoma ripoti yoyote ya uchimbaji, atazame mambo mawili kabla ya kuamini jedwali la idadi ya shanga. Kwanza, je, shanga za udongo na za fayansi zimehesabiwa pamoja na za mawe, au zimeachwa katika sura ya vyombo vya udongo ambako hakuna atakayezilinganisha? Pili, udongo ulichekechwa kwa chekeche yenye matundu ya ukubwa gani? Mafundi wa Indus walitengeneza shanga za jiwe la sabuni zenye kipenyo cha takriban milimita 1, na shanga kama hizo hupita katika chekeche za kawaida na kurudi kwenye lundo la udongo uliotupwa. Wachimbaji wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 hawakuchekecha kwa wavu mwembamba kiasi hicho. Kaburi lililoripotiwa kuwa na shanga 20 kubwa huenda lilikuwa na mamia ya ndogo, na linganisho lolote la utajiri kati ya makaburi ya mchimbaji mmoja na ya mwingine linapaswa kuanza na ukubwa wa matundu ya chekeche zao.